Kizingiti cha dirisha na mvua za Rungwe

Mji wa Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, ilhali Dodoma haifikishi 600 kwa wastani. Tofauti hiyo yatosha kueleza kwa nini seremala wa Tukuyu na seremala wa Dodoma, hata wakiwa na randa moja na msumeno mmoja, hawapaswi kutengeneza dirisha la namna moja. Kule Dodoma adui wa ubao ni jua na mchwa. Huku Rungwe, kuanzia Novemba hadi Mei, ubao hunyeshewa, na kabla haujakauka hunyeshewa tena. Mwezi wa Aprili ndio kilele, na upepo upandao kutoka upande wa Ziwa Nyasa mara nyingi huyaonea madirisha ya kusini kabla ya mengine.

Leo tunazungumzia kipande cha nyumba ambacho wengi wetu hatukipi hata jina. Ni ule ubao wa chini wa fremu ya dirisha, ambao juu yake husimama miimo miwili ya pembeni, na ambao watoto huuegemea kwa viwiko wakimtazama baba akirudi kutoka msikitini. Mafundi wengine hukiita kizingiti cha chini, wengine husema ubao wa chini tu. Sisi tutakiita kizingiti. Katika nyumba za zamani za wilaya hii ndicho kipande cha dirisha kinachotangulia kuoza, na kikioza, hasara haiishii kwenye ubao.

Nyumba tunazozikusudia ni zile za matofali ya kuchoma, nyingi zikiwa zimeunganishwa kwa udongo badala ya saruji, zenye bati juu na madirisha ya mbao. Wazee wa Kinyakyusa walijenga kwa mianzi na udongo na kuezeka kwa nyasi, na msafiri Joseph Thomson, aliyepita nchi hii mwaka 1879, alizisifu nyumba hizo kwa unadhifu wake. Kisha wamisionari wa Kimoravian wakafika Rungwe mwaka 1891, na serikali ya Wajerumani ikaweka boma lake hapa na kupaita Neu-Langenburg, jina lililodumu mpaka Waingereza walipoitwaa nchi. Tofali la kuchoma, bati na dirisha la fremu vikaenea. Familia za Kiislamu zilizofika kwa biashara au kwa kazi za serikali zilijenga kwa mtindo huo huo, na baadhi ya nyumba zao sasa zinakaliwa na wajukuu wa waliozijenga.

Paa la nyasi lilishuka chini na kuufunika ukuta kama kofia pana. Bati halikufanya hivyo. Mwenye kununua bati hulinunua kwa kipande, wala hapendi kuliona likining'inia nje ya ukuta bila kazi. Matokeo yake ukingo wa paa ukafupishwa, na dirisha likabaki uso kwa uso na mvua.

Maji yanavyoingia

Ubao hauozi kwa uzee. Kuoza ni kazi ya kuvu, kiumbe hai ambacho huhitaji vitu vinne: hewa, joto la wastani, chakula na maji. Hewa na joto hatuwezi kuvizuia, na chakula ni ubao wenyewe. Yanabaki maji. Ubao ambao unyevu wake hauvuki asilimia 20 ya uzito wake mkavu, kuvu haiwezi kuota ndani yake, na ndiyo maana milango ya ndani ya nyumba hizo hizo, iliyotengenezwa na fundi yule yule kwa mbao zile zile, bado ni mizima. Kwa hiyo anayeng'oa kizingiti kilichooza na kuweka kipya bila kuitafuta njia ya maji ameiandalia kuvu chakula kipya, na baada ya masika machache atarudi tena kwa muuza mbao.

Njia zenyewe hujirudia kutoka nyumba hadi nyumba. Kizingiti kilitakiwa kiiname kuelekea nje, lakini fundi alikilaza bapa, au nyumba imetitia upande mmoja na maji sasa hukimbilia ndani. Kichwa cha ubao, pale ulipokatwa na kuzamishwa ukutani, hakikupakwa rangi. Na ubao ni mkusanyiko wa mirija midogo iliyolala kwa urefu, hivyo kichwa hunyonya maji kwa kasi kubwa mno kuliko ubavu. Vibao vyembamba vya kubania wavu wa mbu vimepigiliwa juu ya kizingiti na kutengeneza ukuta mdogo ambao nyuma yake maji hutuama.

Lakini njia tunayoiona kuwa mbaya kuliko zote ni ile iliyotobolewa kwa makusudi. Ili kuwazuia wezi, mafundi walisimamisha nondo kutoka kizingiti cha juu hadi cha chini, kila nondo ikazamishwa katika tundu lililotobolewa kwa keekee. Nondo tano ni matundu matano. Mvua ikisukumwa na upepo huigonga nondo, huteremka nayo, na kutulia tunduni ambako jua halifiki. Chuma hushika kutu, kutu hulitanua tundu, na ubao huoza kutoka ndani kwenda nje huku rangi ya juu ikiendelea kung'aa. Mwenye nyumba hupita kila siku asione kitu. Mwizi naye, akiitikisa nondo usiku, hujua kabla ya mwenye nyumba.

Halafu kuna saruji. Miaka ya karibuni watu wengi wamezipiga lipu kuta za zamani za tofali na udongo. Ni jambo jema kwa macho, ila fundi mwashi aliyekuwa na haraka huileta lipu mpaka juu ya uso wa kizingiti, na ubao uliokuwa ukitokeza nje ya ukuta unabaki umezama ndani yake. Maji yaliyokuwa yakidondoka chini sasa huingia kati ya saruji na mbao. Saruji haipumui kama udongo, na maji yakishaingia nyuma yake hayana pa kutokea. Hapo ndipo udongo unaoshikilia matofali chini ya dirisha huanza kulainika, na ufa ule unaoonekana ukishuka kutoka pembe ya dirisha mpaka kwenye msingi mara nyingi chanzo chake ni ubao wa upana wa sentimita 15.

Kinachopotea ndani ya nyumba

Kwa kuwa ukurasa huu ni wa familia, tusiishie kwenye mbao na matofali. Kizingiti kikivimba, bawa la dirisha halifungi. Mama wa nyumba hulifunga kwa kamba, kisha kwa msumari, na dirisha lililopigiliwa msumari halifunguki tena hata kiangazi. Chumba hubaki giza na unyevu, ukungu mweusi hutambaa pembeni mwa ukuta, na mtoto mwenye pumu hukohoa usiku kucha kwa sababu ukungu huo huichochea pumu. Au hutokea kinyume chake: dirisha halifungiki kabisa, pazia hupeperushwa, na sitara ya chumba cha kulala hutegemea kipande cha khanga kilichobanwa kwa vijiti. Sitara ya watu wa nyumbani ni haki yao, nayo haitegemei ukubwa wa nyumba wala uwezo wa mwenye nyumba.

Na kuna usalama. Nondo zilizosimama katika ubao uliooza hazimzuii mtu, si anayeingia wala mtoto anayeegemea kutoka ndani.

Kupima hakuhitaji fundi. Chukua bisibisi au msharasi, ubonyeze ubao kwa nguvu ya mkono bila nyundo, ukianzia kwenye pembe mbili ambako miimo hukutana na kizingiti, kisha kuzunguka kila nondo, kisha uso wa chini, ule usioonekana mpaka uiname. Ubao mzima hukataa. Ubao uliooza humeza ncha, na kipande ukikiinua hukatika kifupi bila nyuzi. Uozo wa rangi ya kahawia hupasuka kwa miraba midogo kama mkaa. Ukiona matundu madogo ya mviringo na unga mkavu, hao ni bungua. Ukiona njia za udongo, huyo ni mchwa, na dawa yake ni nyingine. Rangi iliyofura kama lengelenge nayo iboboe, usiionee haya.

Kazi yenyewe

Msimu wa kazi hii ni Agosti na Septemba. Juni na Julai mvua imepungua, lakini ukungu na baridi ya Tukuyu haviachi ubao ukauke. Na anayesubiri Oktoba iishe atakuta mafundi wote wameitwa kwenye mapaa. Ubao uliolowa haushiki rangi wala gundi. Tunasisitiza hili kwa sababu wenye nyumba wengi humwita fundi siku ile maji yanapoingia chumbani, ambayo ndiyo siku isiyofaa kuliko zote.

Uozo ukiwa wa juu juu, kina kisichozidi nusu sentimita, hukwanguliwa kwa patasi mpaka ubao mgumu, hukaushwa kwa siku kadhaa ukiwa umefunikwa juu tu, kisha hujazwa kwa epoksi na kupakwa rangi. Unga wa msumeno uliochanganywa na gundi nyeupe ya useremala hutumika sana, lakini gundi hiyo hulainika kwa maji, na mahali pake ni ndani ya nyumba.

Uozo ukiwa wa kichwa kimoja au wa kuzunguka nondo moja, hakuna haja ya kung'oa kizingiti chote. Fundi hukata mpaka ubao mzima, kisha huongeza kama sentimita 5 ndani ya uzima huo, kwa kuwa nyuzi za kuvu hutangulia mbele ya uozo unaoonekana. Hukata kimshazari ili kiungo kielekeze maji nje, huunga kipande kipya kwa gundi isiyoyeyuka kwa maji na skrubu za shaba au zilizopakwa zinki. Msumari wa kawaida hutoa kutu, na kutu ni mlango wa maji.

Kizingiti kilichokwisha chote kinahitaji subira zaidi. Kwanza ukuta uliolowa kwa miaka usifunguliwe bila kuegemezwa; fremu ya juu na matofali yaliyo juu yake yashikiliwe kwa nguzo mbili kabla msumeno haujagusa kitu. Ukarabati wenyewe una hatari zake. Zanzibar, sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo la mwaka 1883, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafariki. Nyumba ya Tukuyu si kasri, lakini tofali la Tukuyu nalo lina uzito.

Fundi mzuri hakigongi kizingiti kwa nyundo kutoka ndani. Hukikata katikati kwa msumeno, akavitoa vipande viwili kimoja kimoja kutoka chini ya miimo, na fremu nyingine ikabaki mahali pake. Hapo atagundua kwamba nchi chache za chini za miimo nazo zimeoza. Azikate na kuziunga kama tulivyoeleza, asizifiche kwa rangi. Chini ya kizingiti kipya hulazwa nailoni ngumu iliyopindwa juu kwa nyuma na pembeni, ili maji yatakayopenya yasiufikie udongo wa ukuta. Ubao hukazwa kwa kabari za mti mgumu, na nafasi iliyobaki hujazwa chokaa na mchanga wenye saruji kidogo tu. Saruji tupu ni ngumu mno kwa ukuta wa udongo na huachana nao.

Vipimo vitatu ndivyo vinavyoamua umri wa kizingiti hicho, na mwenye nyumba avisimamie mwenyewe akiwa na rula mkononi. Kwa ubao wa upana wa sentimita 15, ukingo wa nje uwe chini ya ule wa ndani kwa sentimita moja na nusu. Ubao utokeze nje ya lipu kwa sentimita 4 au 5. Na chini ya sehemu hiyo inayotokeza, sentimita moja na nusu kutoka ukingoni, pachimbwe mfereji mwembamba wa upana wa penseli kutoka kichwa hadi kichwa. Maji hupenda kulifuata tumbo la ubao kurudi ukutani. Yakifika kwenye mfereji huo hushindwa kuuvuka, nayo hudondoka. Mfereji huo hauna gharama yoyote zaidi ya robo saa ya fundi, na katika nyumba nyingi haupo. Pengine upo lakini mpaka rangi ameuziba.

Nondo, zikirudishwa, zisizamishwe tena katika kizingiti. Zifungwe kwenye vyuma viwili vya kulala vilivyoshikwa kwenye miimo, ili chini yake pabaki wazi. Na rangi ya kwanza ipakwe pande zote sita za ubao kabla haujawekwa, pamoja na vichwa na uso wa chini, kwa maana baada ya kuwekwa hakuna brashi itakayofika huko. Kisha rangi ya mafuta mara mbili.

Neno moja kuhusu rangi ya zamani. Rangi nyingi za mafuta za miaka iliyopita zilikuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto mchanga. Isikwanguliwe kavu. Ilowanishwe kwanza, watoto na mama mjamzito wakae mbali, na mabaki yakusanywe. Wala vipande vya kizingiti cha zamani visipelekwe jikoni kuwa kuni, hasa vikiwa vya mbao zilizotiwa dawa ya kijani, kwani dawa hiyo ina arseniki na moshi na majivu yake ni sumu.

Mbao gani?

Mninga ndio chaguo letu kwa anayeuweza. Hutoka katika misitu ya miombo, kama ile ya upande wa Chunya, husinyaa kidogo sana na huvumilia maji. Mvule nao ni imara. Mpodo, uliotumika katika fremu nyingi za zamani za nyanda hizi, huchongeka vizuri lakini ni mdhaifu mbele ya maji ya kudumu. Fremu yake ikiwa bado nzima, ni kwa sababu paa liliikinga. Mkaratusi ni mgumu, ila hujipinda na kupasuka ukikauka, na kizingiti kilichopinda hakifungi dirisha.

Mbao zipatikanazo kwa wingi na kwa bei ya wastani ni paini, za Shamba la Miti Kiwira hapa hapa wilayani au za Sao Hill huko Mufindi. Paini tupu nje ya nyumba huko Rungwe haidumu. Paini iliyotiwa dawa kwa mashine ya mgandamizo hudumu, kwa sharti kwamba kila mahali fundi atakapokata papakwe dawa upya, kwa kuwa msumeno huufichua moyo ambao dawa haikufika. Oili chafu ya magari, inayotumiwa na wengi, huwapunguza mchwa kiasi, lakini rangi haishiki juu yake na harufu yake ndani ya chumba cha kulala ni adha.

Mnunuzi na aulize mbao zimetoka wapi. Mlima Rungwe ni hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 2009. Ndimo anamoishi kipunji, nyani aliyetambuliwa na wanasayansi mwaka 2003 tu. Mti ulioibwa humo ni mali ya wizi hata ukishachongwa na kupakwa rangi, na bei nafuu ya njia ya panya haiubadilishi.

Na alumini? Tunajua ndiyo fasheni, na kwa nyumba mpya hatuna neno. Ila kung'oa fremu nzima ya mti mgumu iliyokaa miaka mingi, eti kwa sababu ubao mmoja wa chini umeoza, ni israfu ya wazi. Pia huutikisa ukuta wa udongo pande zote nne, na njia ya maji isipozibwa, maji yataendelea kupita chini ya alumini kama yalivyopita chini ya mbao.

Nani alipe?

Hapa ndipo penye kizuizi kikubwa kuliko bei ya mninga. Nyumba nyingi za zamani ni mirathi isiyogawanywa. Baba alifariki, mjane amebaki ndani, kaka yuko Mbeya, mwingine Dar es Salaam, dada ameolewa Kyela. Kila mmoja ni mwenye nyumba, na hakuna anayetengeneza. Aliye mbali husema anayekaa ndani ndiye anayefaidi. Anayekaa ndani husema siwezi kutia fedha katika mali ambayo kesho itauzwa. Kizingiti huoza katikati ya maneno hayo.

Suala la washirika wa ukuta au nyumba limejadiliwa kwa kina katika fiqhi ya Kishafii. Kauli mpya ya Imam Shafii, ambayo Imam Nawawi ameipitisha katika Minhaj, ni kwamba mshirika hamlazimishi mwenzake kuchangia ukarabati. Na mwenye kutaka kukisimamisha upya kilichoanguka kwa vifaa vyake mwenyewe hazuiwi. Aliyetumia fedha zake bila idhini ya wenzake, hata hivyo, anaweza kuhesabiwa kuwa amejitolea, na madai yake baadaye yakawa na utata. Basi ridhaa itangulie, nayo iandikwe. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni, na ndugu wa tumbo moja hawakutolewa ndani yake.

Mgao wa gharama hauna ugumu. Tuchukue mfano wa marehemu aliyeacha mke, watoto wawili wa kiume na mmoja wa kike, wazazi wake wakiwa wametangulia. Mke ana thumni, yaani mafungu 5 kati ya 40. Kila mtoto wa kiume mafungu 14, na wa kike mafungu 7. Kazi ikiwa imekubaliwa kwa shilingi 200,000, mama hubeba 25,000, kila mtoto wa kiume 70,000 na wa kike 35,000. Wanaume wakiamua kumbebea mama na dada yao, hiyo ni hisani yao, na isemwe kuwa ni hisani tangu mwanzo ili isije ikageuzwa deni siku ya kuuza nyumba. Na dawa ya kudumu ni mirathi kugawanywa mapema, baada ya madeni na wasia, chini ya uangalizi wa sheikh anayeijua elimu hiyo.

Nyumba ya wakfu ina njia nyepesi zaidi: pato lake hutangulia katika matengenezo, kisha ndipo wanufaika hupewa. Msimamizi wa madrasa anayegawa kodi yote ya chumba cha duka huku madirisha ya darasa yakidondoka amepindua utaratibu huo.

Tukirejea kwa fundi: mkubaliane kazi kwa dirisha, vipimo vile vitatu viandikwe kwenye karatasi, vifaa vinunuliwe mbele ya mwenye nyumba, na ujira ulipwe kwa awamu mbili. Awamu ya pili itolewe siku ile ile kazi inapokamilika, bila kumzungusha mtu, lakini baada ya jaribio moja. Jaza birika la maji, ulimwage taratibu juu ya kizingiti kipya ukiwa ndani, na mtu mmoja achuchumae nje akitazama tumbo la ubao. Maji yatakimbilia ukingoni, yatapinda kuingia chini, yatafika kwenye mfereji. Yakidondoka hapo, mbali na ukuta, mpe fundi haki yake. Yakivuka mfereji na kuugusa ukuta, mwonyeshe. Mfereji ni mfupi wa kina, na patasi bado anayo mkononi.